Oili Niliyoibadilisha Mimi

Salma mama,

Umetoka kwenda Tabata kumuaga mama yako mdogo, na kwake mtu haruhusiwi kuondoka bila kula, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Habari za maji ya kuchemsha, chandarua na kupiga simu ukifika Newala sitazigusa. Hayo unayajua.

Nataka kukuandikia kuhusu oili ya gari. Najua utaguna. Nivumilie, kwa sababu barua hii haitaeleweka ukiiruka sehemu hiyo.

Wiki iliyopita ulikuwa jikoni ukiongea na simu na bosi wako mpya. Mie nilikuwa nje natawadha na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia ukiulizwa kama unaendesha gari, maana afisa ugani wa kule anazunguka vijijini na pikapu ya ofisi. Ukajibu, "Hapana, sijawahi kuendesha." Ukamsikiliza, halafu ukasema, "Sawa, hata stoo nitafanya."

Ulisoma kilimo miaka yote ile ili ukae kwenye mikorosho na wakulima, ukague majani, ushike udongo. Sasa unakwenda kuhesabu magunia ya salfa, dawa ya mikorosho, kwenye stoo kwa sababu umesema uongo, na uongo huo naujua unatoka wapi. Uliendesha gari letu kutoka hapa Chanika hadi mjini wakati mimi nimechoka au nina vipindi. Uliliendesha vizuri kuliko mimi. Tangu siku ile ya Gongo la Mboto hujagusa usukani hata wa gari lililosimama.

Nimekwambia si mara moja kwamba lile halikuwa kosa lako. Kila mara umeniitikia, "Sawa baba," kwa sauti ile ya kumwitikia mzee anayefariji. Leo sikufariji. Leo naeleza, kama nilivyokuwa naeleza darasani, na mwisho utaamua mwenyewe.

Nianze na gari lilipokuja. Lilikuwa limetumika Japani, na ndani ya boneti lilikuwa na kibandiko cha maandishi yao. Sikuweza kuyasoma, ila tarakimu zilisomeka, na tarakimu zilisema injini hii inataka oili nyepesi. Nilimwonyesha Fundi Chande, yule wa pale njia panda. Akacheka.

"Mwalimu, hiyo ni ya kwao kwenye barafu. Huku jua lote hili, ukitia nyepesi itageuka maji. Tia nzito, injini itulie."

Niliona ana hoja. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi, hilo ni kweli, na mimi niliyefundisha kemia maisha yangu yote nililijua. Ambacho wote wawili hatukukifikiria ni kwamba injini ikishachemka, joto lake la ndani halitofautiani sana kati ya Chanika na Japani. Kuna kifaa kinachodhibiti joto hilo. Jua la Dar liko nje ya injini.

Basi tukatia nzito, miaka. Oili nzito haiui gari. Inalichosha. Chukua mwiko ukoroge uji, halafu ukoroge ugali. Mkono ni ule ule, lakini kwenye ugali nguvu nyingi zinaishia kwenye sufuria. Injini nayo ikizunguka ndani ya oili nzito kuliko inayoitaka, sehemu ya petroli inachomwa kwa ajili ya kukoroga tu. Asubuhi, kabla injini haijapata joto, ni mbaya zaidi, maana oili inachelewa kupanda juu na vyuma vinasagana vikavu. Unakumbuka gari lilivyokuwa linalalamika kila ukiliwasha alfajiri, na mama yako anasema, "Hilo nalo linaumwa mgongo."

Kosa langu la kwanza lilikuwa jingine, na halihusiani na uzito wa oili. Miaka ile mliyokuwa shuleni wote watatu, sikuwa namwaga oili. Nilikuwa naongezea. Kijiti cha kupimia kikionyesha imepungua, natia kidogo, nafunga, naondoka. Wengi tunafanya hivyo na tunaona tumelihudumia gari. Lakini ya zamani ipo pale pale, inaungua, inashika masizi, na polepole inageuka kuwa tope jeusi linalojibandika kwenye kuta za ndani. Huwezi kuliona. Gari linatembea, kwa hiyo unadhani liko sawa. Ukiwa na gari lako, mwanangu, mwaga. Usiongezee tu ukajidanganya.

Halafu mama yako akaanza kuumwa.

Hayo sina haja ya kukusimulia, tuliyapitia pamoja. Mara tatu kwa wiki mjini kusafishwa damu, kwenda na kurudi, na foleni ya Ukonga katikati. Petroli ikawa kitu cha kufikiriwa kila siku. Nikaanza kusoma kuhusu oili. Nilisoma kama mwanafunzi anayesubiri mtihani, na sasa naelewa kwa nini. Nilipokuwa nakaa na daktari, hakuna nilichoweza kufanya. Figo hazikuwa zinarudi. Lakini gari lilikuwa na tatizo ninaloliweza.

Nikanunua oili nyepesi, ya sintetiki, yenye tarakimu zile za kwenye kibandiko, na filta mpya. Chande alitikisa kichwa akasema, "Shauri yako mwalimu," akanisaidia kumwaga ile ya zamani. Ilitoka kama lami. Jirani yetu akaiomba akapake mbao zake zisiliwe na mchwa.

Salma, mabadiliko yalikuwa ya kweli. Gari likawaka asubuhi bila kulalamika. Kilima cha Pugu lilikipanda kwa gia moja juu ya ile tuliyoizoea. Petroli ile ile ikawa inatufikisha mbali kidogo zaidi. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa habari njema pekee ndani ya nyumba hii mwaka ule. Nilimweleza kila mtu. Nilimweleza hadi mama yako, amelala kwenye kochi na mkono umefungwa bandeji, nikamchorea mchoro wa pistoni nyuma ya bahasha ya dawa.

Akautazama mchoro, akasema, "Kwa hiyo siku hizi mie na gari lako wote tunabadilishiwa damu. Tuone nani atapona."

Nilicheka. Ninyi pia mlicheka. Nilirudi nje kwenye boneti.

Niwe mkweli kuhusu faida yenyewe. Kubadili oili peke yake hakuokoi petroli nyingi, ni kidogo tu, na mtu asipopima vizuri haioni. Wakati ule ule nilikuwa nimejaza upepo tairi zote, nimetoa mifuko ya saruji iliyokaa kwenye buti tangu tulipojenga choo, na tulikuwa tunaendesha taratibu kwa sababu mama yako alikuwa anatapika gari likitikiswa. Yote hayo yaliokoa petroli. Mimi sifa zote niliipa oili, kwa sababu oili ndiyo niliyoichagua. Ningemfelisha mwanafunzi aliyeniletea jaribio la namna hiyo.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea ndani.

Oili za kisasa zinachanganywa na dawa zinazofanya kazi kama sabuni. Zinaosha. Ndani ya injini iliyotunzwa hilo ni jema. Ndani ya injini yetu, yenye tope la miaka, oili mpya ilianza kulibandua vipande vipande. Na uchafu ukibanduliwa haupotei, unakwenda mahali pengine. Chini ya injini kuna bakuli ambamo oili yote hukusanyika, na ndani ya bakuli hilo kuna chujio dogo la wavu. Pampu inanyonya oili kupitia hapo na kuipeleka juu kwenye vyuma vinavyozunguka. Oili yote inapita kwenye wavu huo, hakuna njia nyingine.

Ningepaswa kulifungua bakuli na kulisafisha kabla. Au ningetia oili mpya nikaimwaga baada ya muda mfupi, nikatia tena nikamwaga tena, pamoja na filta, mpaka itoke bila tope. Sikufanya hivyo. Nilivuta kijiti baada ya siku chache, nikaona oili imeshakuwa nyeusi, na nikamwambia Chande kwa fahari, "Unaona? Inasafisha." Ilikuwa inasafisha kweli. Sikujiuliza takataka zinapelekwa wapi.

Miezi michache baadaye ile taa nyekundu ya oili ikaanza kucheza. Ikawa inamemeta gari likiwa limesimama kwenye foleni, ukikanyaga mafuta inazimika. Nilimuuliza Chande. "Hiyo ni swichi tu mwalimu, taa za magari haya zinadanganyaga." Mimi nikawa na maelezo bora kuliko yake. Nilisema oili nyepesi ikipata joto presha yake inashuka kidogo injini ikizunguka polepole, ndiyo maana taa inacheza, na ndiyo maana inazimika ukikanyaga. Ni maelezo mazuri. Kila sentensi yake ni ya kweli ukiisoma peke yake. Nayo yalikuwa yanaficha pampu iliyokuwa inanyonya kwa shida kupitia wavu unaoziba.

Katika maisha yangu nimeogopa sana kutojua. Mtu akiniuliza kitu napata jibu, na jibu likishapatikana naacha kutazama. Mama yako alikuwa ananiambia hivyo tangu ujana wetu. Alikuwa anasema, "Wewe ukishaeleza unadhani umetengeneza." Mwaka ule nililijua joto la injini kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Mikono yake ilikuwa baridi, na aliyeniambia ni wewe.

Nilipokwenda Lindi kumzika jamaa yetu, nikakuachia gari na zamu ya hospitali. Maneno niliyokwambia pale mlangoni nayakumbuka na wewe unayakumbuka: "Taa ya oili ikicheza usihofu, ni oili nyepesi. Wewe endelea tu."

Taa ikawaka kwenye kona za msitu wa Pugu. Safari hii haikucheza, ilibaki. Ulinisimulia mara moja tu, usiku wa mazishi ya mama yako, na sikuwahi kukuuliza tena. Ulisema ulipunguza mwendo, ukamwangalia mama yako, naye akakwambia, "Twende mwanangu, baba yako amesema haina neno." Ukaendelea. Injini ikaanza kugonga, halafu ikakaza na kuzima pale Gongo la Mboto, mbele ya maduka. Ukamtoa mama yako juani, ukatafuta bajaji. Mlipofika zamu yake ilikuwa imepita, na mashine zilikuwa na wagonjwa wengine. Mkaambiwa mrudi kesho. Usiku akaanza kukosa pumzi kwa sababu ya maji mwilini. Alilazwa, na hakutoka tena.

Kwenye matanga mjomba wako Hamisi akasema mbele za watu, "Taa nyekundu inawaka na wewe unakanyaga tu? Nyie watoto mnaendeshaga kama mko kwenye gemu." Mimi nilisimama nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Watu walinipa pole. Walidhani ni baba anayemkinga bintiye. Nadhani na wewe ulidhani hivyo.

Kwa hiyo baada ya kusikia simu yako nilimwita Chande. Gari limekaa uani chini ya turubai tangu liliporudishwa kwa kuvutwa, na ulinizuia kuliuza, kisha ukawa hulitazami. Juzi, ulipokwenda kuchukua vyeti vyako, tulilifungua kwa chini. Chande alilishusha bakuli, akaingiza mkono, akatoa lile chujio. Akaliweka kwenye kiganja changu. Umewahi kuona chujio la chai lililosahauliwa na majani mpaka yakakauka? Ni hivyo, ila jeusi, na linanata. Nililiinua juu nikatazama jua kupitia wavu. Palipokuwa wazi ni pembeni tu, upana wa ukucha.

Chande alikaa chini. "Mwalimu, hii haikuziba kwa siku moja," alisema. "Na mie nilisema ni swichi."

"Ulisema swichi, na mimi nilisema presha," nikamwambia.

"Tulikuwa tunabishana nini basi sisi?"

Kwa mara ya kwanza sikutafuta jibu.

Sasa fuatana na mimi, hapa ndipo ninapotaka ufike. Vyuma vya injini ile vilikuwa vimekosa oili wiki nyingi kabla hujakaa kwenye usukani. Chande alinionyesha beringi zake zilivyolika. Injini ile ingekufa wiki ile na dereva yeyote, na kama nisingekwenda Lindi ingekufa mikononi mwangu.

Umekuwa ukijiambia kwamba ungesimama taa ilipowaka, mambo yangekuwa tofauti. Najua, kwa sababu ndivyo mjomba wako alivyosema na ndivyo kitabu cha gari kinavyosema. Haya, simama. Simama pale kwenye kona, katikati ya msitu, zima gari. Umeokoa nini? Labda vyuma. Oili isingepita kwenye wavu ule kwa sababu umesubiri ipoe, na gari lisingetoka pale bila kuvutwa. Mama yako angekuwa amekaa ndani yake, na pale hapasimami bajaji, na magari yanapita kwa kasi. Wewe ulikwenda mpaka injini ikakata roho, na ilikata roho mahali penye watu na usafiri. Zamu ile mngeikosa kwa vyovyote. Ulichofanya kiliwafikisha hospitali siku ile ile. Ungesimama, pengine msingefika kabisa.

Nimelitafuta kosa katika hoja hii siku tatu hizi kwa sababu nina historia ya kuamini hoja zangu. Sijaliona. Chujio nimelifunga kwenye gazeti, liko kwenye kabati langu. Ukitaka kulitazama kabla hujaondoka, litazame. Usipotaka, nitaelewa.

Kuna kitu kimoja sikijui, na sitakitungia maelezo. Nilimuuliza daktari kama kukosa siku ile ndiko kulikomuua. Alisema moyo wake ulikuwa umechoka sana, na kwamba siku moja inaweza kuwa kila kitu na inaweza isiwe chochote, na hakuna mtu atakayenithibitishia. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba haikuwa siku ile. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kama ilikuwa siku ile, basi ilianza mkononi mwangu, nilipomimina oili mpya juu ya uchafu wa zamani nikaenda kujisifu. Mzigo huo ni wangu, na sijaomba mtu anipunguzie. Ninaamka nao, naswali nao. Lakini wewe umekuwa ukibeba mzigo wangu, na haujapungua kwangu hata kidogo kwa sababu na wewe umeubeba.

Kesho asubuhi mjomba wako atakuja na gari lake kutupeleka Mbagala kwenye basi. Jana nilimwonyesha lile chujio. Aliligeuza geuza, akalikwaruza kwa ukucha. Halafu akaniuliza, "Shemeji, hivi mie nilimwambia nini yule mtoto?" Nikamwambia akwambie mwenyewe. Amesema atakwambia, ila hajui aanzeje, kwa hiyo akianza vibaya mwache amalize.

Nimemwomba akae kiti cha nyuma na mabegi yako, na amekubali. Mimi nitakaa mbele kushoto, alikokuwa anakaa mama yako. Oili ya gari la mjomba wako nimeikagua leo mchana na iko sawa. Taa ikiwaka, iwe ipi, tutasimama wote, na sitakuwa na la kueleza. Barabara ya Mbande asubuhi ile haina magari mengi.

Ukienda kukaa nyuma na mjomba wako, nitahamia kwenye usukani nitaendesha, na hakuna atakayekuuliza kitu. Ila kabla sijahama, nitasubiri kidogo.

Baba yako